Ukuta Mweupe wa Namatala: Kumi Kabla ya Mnunuzi

Mama alilisema neno lile katikati ya chai, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa sukari. "Nyumba hii sasa iuzwe. Mimi narudi mlimani kwa kahawa zangu." Baba alishatangulia mbele za haki, magoti ya Mama yamechoka na pilika za mjini, nasi watoto tumetawanyika. Nyumba yenyewe iko Namatala, Divisheni ya Industrial, jijini Mbale: vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, mabati yenye kutu upande mmoja, mparachichi uani, na mlango wa mbele unaolia kila ukifunguliwa.

Dada yangu mkubwa alipanda taksi Jinja, akaja kwa barabara ya Tirinyi na daftari mkobani. Kwa pamoja tulikuwa na shilingi milioni 2. Fundi wa kwanza tuliyemwita aliizunguka nyumba, akapiga mluzi, akataja milioni 11. Dada alimpa chai, akamsindikiza hadi getini kwa heshima zote, kisha akarudi akicheka. "Huyo amekuja kuijenga upya. Sisi tunaiuza, mdogo wangu. Hizo ni safari mbili tofauti."

Usiku ule tukaandika orodha kwa kushuka, kutoka kumi hadi moja. Kumi ni jambo rahisi kuliko yote. Moja ni lile ambalo likikosekana, yale tisa yote yamepotea.

10. Ufagio

Wazee wa hapa watakwambia kwamba miaka ya 1960 Mbale ulisifika kuwa mji safi kuliko yote Uganda. Wengine hupanua sifa hiyo hadi Afrika Mashariki nzima, nami siwabishii, kwa sababu bado wanaisema kwa mapenzi. Mnunuzi aliyelelewa na wazee hao ataupima ua wako kwa kumbukumbu zao kabla hajaitazama nyumba. Kwa hiyo tulianza na kazi isiyodai shilingi: tukafagia, tukang'oa magugu, tukapunguza ua wa michongoma uliokuwa umegeuka msitu, tukaondoa utando wa buibui na kusugua vioo kwa gazeti lenye maji ya siki. Watoto watatu wa jirani walisaidia na kulipwa mandazi.

Dada alisimama sebuleni jua lilipoingia. "Umeona? Tumepata dirisha jipya bila kumlipa seremala."

9. Vitu vinavyokaa bure

Chumba kilichojaa huonekana kidogo. Tulikuta magurudumu mawili ya baiskeli, kochi lililokaliwa na kuku, madumu kumi na moja, na redio tatu. "Redio tatu," Dada akasema, "na zote zilinyamaza kabla ya Obote kurudi." Vyuma tuliwauzia wanunuzi wa chuma chakavu, na fedha hiyo ikanunua brashi zote. Koti la Baba lilipanda mlimani na Mama, na hapo hapakuwa na mjadala.

8. Choo

Haraka haraka hapa, maana tunajua sote. Majivu ya jikoni ndani ya shimo kila jioni kwa wiki mbili hupunguza harufu na kuwafukuza nzi. Mlango ufungike kwa ndani. Pawe na maji na sabuni nje. Mnunuzi huenda asiseme neno kuhusu choo kizuri, ila kibaya atakizungumzia hadi Soroti.

7. Chokaa

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapomwaga fedha zao zote.

Rangi ya maji ya dukani, kwa nyumba nzima nje na ndani, ingekula karibu nusu ya milioni zetu mbili. Chokaa ilikula sehemu ndogo mno. Iko karibu nasi: Tororo, mji wa jirani, una mawe ya chokaa yaliyozaa kiwanda cha saruji miaka ya 1950, na mifuko ya chokaa inapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini. Lakini chokaa ina adabu yake. Loweka usiku kucha ndani ya pipa, koroga, chuja kwa kitambaa cha zamani. Yeyusha chumvi ya mawe, mimina ndani, ili chokaa ishike ukuta na isiachie unga kwenye mabega ya wageni. Sugua kwanza ukungu na kuvu, kisha lowesha ukuta kwa maji. Paka nyembamba, acha ikauke, paka tena, hata mara tatu. Na vaa miwani. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na hakuna nyumba inayolingana na jicho.

Siku ya kwanza nilikata tamaa. Ukuta mbichi ulionekana kama umemwagiwa maji ya kuoshea mchele. Dada akanituma nikalale. "Chokaa ni kama ugali. Ukiuharakisha, utakula mabonge." Asubuhi ukuta ulikuwa mweupe hadi majirani walisimama njiani.

Onyo moja: chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Sebule yetu ilikuwa na rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, kama nyumba nyingi za umri wake. Pale tuliosha kwa sabuni na maji ya moto tu, na rangi ya kijani aliyoichagua Baba ikarudi kung'aa.

Chini ya ukuta wa nje, udongo mwekundu wa Mbale huruka kila mvua ikinyesha. Hapo tulipaka ukanda mweusi wa kufika gotini. Kopo moja lilitosha. "Sasa nyumba imevaa soksi," Dada akasema, na tangu siku hiyo jirani yetu fundi bomba anaiita nyumba ya soksi.

6. Vitu vidogo vinavyolia

Mafuta kwenye bawaba. Balbu kila chumba. Kioo kimoja kilichopasuka. Kitasa cha mlango wa nyuma. Swichi inayoning'inia irudishwe ukutani na fundi wa umeme, tafadhali, si na mpwa wako. Tulitia umeme kidogo kwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, ili mgeni akibonyeza swichi, taa iitike.

Mlango wa mbele ulinyamaza kwa matone manne ya mafuta. Mama alikaa akiutazama. "Huo mlango," akasema, "ndio ulioniambia saa mlizokuwa mnarudi usiku." Dada akageuka kuangalia mparachichi.

5. Mvua

Madalali wanapenda kuleta wateja saa nne asubuhi, jua likiwa linacheka. Sisi tulifanya kinyume, na ningemshauri kila mtu wa Mbale afanye hivyo.

Kwanza tuliukagua mpango wa maji kutoka juu hadi chini. Misumari ya mabati iliyolegea ilibadilishwa na ile yenye kofia ya mpira, matundu mawili yakazibwa kwa lami na kipande cha turubai, gata likanyooshwa ili maji yaelekee kwenye pipa badala ya msingi. Dari lilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la Ziwa Kyoga. Tulisubiri mvua mbili nzito zipite bila tone ndipo tukalipaka. Ukipaka doa kabla ya kuziba tundu, doa litarudi na rafiki zake.

Kisha tukatangaza: nyumba inatazamwa hata mvua ikinyesha, na ikinyesha ndiyo bora. Broka wetu alidhani hakusikia vizuri. Lakini katika jiji lililo chini ya mlima Wanale, mnunuzi mwenye akili ana swali moja kubwa kuliko rangi zote: maji yakija, yanakwenda wapi? Mvua inamjibu vizuri kuliko sisi sote.

4. Alama ya 2022

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa iliyonyesha mlimani iliijaza mito Nabuyonga na Namatala hadi ikapanda kingo. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nyumba zilisombwa, mazao yakalala, mabomba ya maji ya kunywa yakakatika na sehemu kubwa ya jiji ikakosa maji. Kila familia ya upande wetu ina jina la mtu inayemkumbuka kutokana na usiku ule.

Kwetu maji yalipanda ngazi ya kwanza, yakapanda ya pili, yakasimama. Yaliacha mstari wa matope kwenye ukuta wa jiko la nje. Fundi wetu wa chokaa, kijana mwema kabisa, alikuwa ameshachovya brashi aufute. Dada akamshika mkono.

"Huo mstari uache."

"Dada, utafukuza wateja."

"Utafukuza wale ambao wangeturudia na mawakili."

Basi tukauacha, na pembeni yake Dada akaandika mwaka kwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo la soksi. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Anayenunua nyumba Namatala atalala ndani yake na watoto wake. Ana haki ya kujua maji yalifika wapi, na sisi tuliokuwepo ndio mashahidi. Tena jirani atamwambia hata usipomwambia, na akiambiwa na jirani, hataamini tena neno lako lolote, hata lile la mparachichi.

Fedha tuliyookoa kwenye rangi tuliipeleka ardhini. Vijana wawili walichimba mfereji kuzunguka nyumba kwa siku tatu, tukaupanga mawe, tukauelekeza kwenye mtaro wa barabara baada ya kuuzibua taka za plastiki. Dada aliuita "chumba cha tano." Wateja wote waliofika waliutazama kwa muda mrefu kuliko sebule.

Na kama nyumba yenu iko ndani ya ukanda wa hifadhi ya kingo za mto, ule ambao sheria ya mazingira imekataza kujenga, sema hivyo mapema. Chokaa haiwezi kusogeza mto.

3. Msimu na broka

Pesa za Mbale zina majira. Kahawa ya arabika ya mlima Masaba huvunwa kwa wingi kuelekea mwisho wa mwaka, na tangu Bugisu Cooperative Union ilipoundwa mwaka 1954, mji huu umezoea kuona mtu wa mlimani akishuka na fedha za msimu akitafuta kiwanja au nyumba ya watoto wanaosoma. Huo ndio wakati wetu wa kufungua geti.

Wakati mbaya? Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Tohara ya Imbalu ikishazinduliwa Mutoto, ngoma za kadodi zinashika barabara, na kila ukoo unahesabu mbuzi na pombe ya malwa. Mnunuzi wako anacheza. Broka wako anacheza. Ukweli, na wewe unacheza, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wakati mwingine mbaya ni karibu na kufunguliwa kwa shule. Anayeuza wiki ya karo hutambulika usoni, na bei hushuka kabla hajafungua kinywa. "Ukiwa na haraka," Dada akasema, "mnunuzi ataisikia kwenye viatu vyako."

Ada ya broka iandikwe siku ya kwanza, nani analipa na lini. Na picha za nyumba uzitume mwenyewe.

2. Karatasi

Zaidi ya nusu ya milioni zetu mbili ziliishia hapa, na sijutii hata shilingi moja. Nimeona nyumba yenye vigae vya kumeremeta ikikaa miaka bila mteja kwa sababu kyapa, hati ya ardhi, ilikuwa ya marehemu. Nimeona nyingine yenye nyufa ikiuzwa ndani ya wiki mbili kwa sababu bahasha yake ilikuwa imekamilika.

Hati yetu ilikuwa kwa jina la Baba. Mtu aliyefariki hawezi kusaini, na mtoto wake hawezi kusaini kwa niaba yake kwa kuwa tu anafanana naye. Ni lazima mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, kisha jina la msimamizi liandikwe kwenye hati, ndipo uhamisho kwa mnunuzi uwezekane. Tulianza safari hiyo mapema, kabla ya brashi ya kwanza. Ukianza na rangi, chokaa itachakaa ukiwa bado kwenye foleni.

Ardhi nyingi za mjini ziko chini ya lizi. Basi tazama imebaki miaka mingapi, kwa sababu mnunuzi atahesabu kwa vidole vyake. Na kwa nyumba zile za zamani za katikati ya mji, kuna swali la ziada linalotoka mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia na mali zao kushikwa na serikali. Kuanzia sheria ya 1982, wenyewe au warithi wao waliruhusiwa kuzidai. Jengo la aina hiyo bila historia iliyonyooka, hata liwe na veranda nzuri namna gani, wacha lipite.

Tulikwenda wenyewe ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi hapa Mbale kufanya upekuzi, ili tusome kile ambacho mnunuzi angekisoma: je, kuna rehani, kuna pingamizi? Mpima ardhi alikuja na kufukua mawe ya mipaka. Moja lilipatikana chini ya banda la kuku la jirani. Tulimaliza kwa mazungumzo na jogoo mmoja, kisha jirani na mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC1, wakaweka saini. "Jogoo wa bei nafuu kuliko wote Uganda," Dada akasema, naye jirani akacheka kuliko sisi.

Tukalipa bili ya maji hadi sufuri, tukaomba risiti. Tukamweleza kila mteja kwamba ushuru wa stempu wa uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani na kwamba ni mzigo wa mnunuzi, ili asishtuke siku ya mwisho. Yote yakaingia kwenye bahasha moja ya kaki. Mteja alipokunywa maji, bahasha ilishafika mezani.

1. Watu

Ukipita mitaa ya miji yetu, Mbale, Jinja, hata Kampala, utayaona maandishi makubwa kwenye kuta, mara nyingi kwa rangi nyekundu: nyumba hii haiuzwi. Wakati mwingine ni onyo dhidi ya matapeli. Mara nyingi ni ukoo unaozungumza wenyewe kwa wenyewe kwa kutumia ukuta, kwa kuwa hakuna aliyewaita mezani.

"Na sisi tumewapakia chokaa," Dada akasema. "Ubao safi kabisa. Baba Mdogo anakosa kalamu tu."

Baba Mdogo ndiye aliyebeba matofali ya msingi akiwa kijana. Hakuna karatasi inayosema hivyo, na mahakamani huenda isingemfikisha mbali, lakini mikono yake inajua. Tulimwita Jumapili, tukampa kiti cha Baba. Tulimwonesha kila kitu: barua za mahakama, hati, hesabu ya milioni mbili hadi bei ya misumari, na fedha ya mauzo itakavyokwenda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna kaburi uani, akijua vizuri kwamba Baba alizikwa mlimani. Alitaka tuseme kwa sauti. Tukasema. Akaomba mlango wa mbele uliokuwa ukilia, auweke kwake. Tukamwahidi, na kutenga fedha ya kuweka mwingine.

Lakini aliye juu ya wote ni Mama. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakataza mwenzi mmoja kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Urithi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inamlinda mjane katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Nazisifu sheria hizo. Nimewajua akina mama walioonyeshwa wanunuzi sebuleni mwao kama wageni, na wana wao wenyewe. Hata kama sheria zisingekuwepo, ningetaka mtoto wa mtu amuulize mama yake zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, akiwa ameshiba na akiwa amechoka. Sisi tulimuuliza mara tatu. Mara ya pili alisema hapana. Tukaweka brashi chini wiki nzima, tukasubiri.

Mnunuzi tuliyemtaka alikuja mvua ikinyesha, na mkewe, viatu mkononi. Alitazama mfereji ukibeba maji. Alitazama mstari wa jikoni, akaugusa, akasoma mwaka. Alipofika kwenye bahasha hakuifungua kwanza. Alimgeukia Mama, akainama kidogo, akamuuliza, "Na wewe, Mama, umekubali?"

"Nimekubali," Mama akajibu. "Ila parachichi za mwaka huu ni zangu."

Mkewe akaomba kalamu. Kwenye makubaliano ya mauzo, chini ya bei na juu ya saini ya mwenyekiti wa LC1, kuna mstari mmoja kwa mwandiko wake: matunda ya mparachichi hadi Desemba yatachumwa na muuzaji, na geti litakuwa wazi.

Dada alisoma mstari ule mara mbili, akafunga daftari, akaenda kutafuta kikapu.